Gari Linapiga Stata Lakini Haliwaki: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida na bado haiwaki, stata haina kosa. Kilichokosekana ni kimoja kati ya hivi: cheche, petroli, kompresheni (mkandamizo wa hewa ndani ya silinda), au ruhusa ya kontroboksi, yaani kompyuta inayoendesha injini. Pesa nyingi hupotea gereji kwa sababu vitu vinabadilishwa kabla ya kujulikana kipi kati ya hivyo vinne hakipo. Zinanunuliwa plagi mpya, kesho yake koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), keshokutwa pampu, na gari bado limelala palepale.

Vipimo vilivyomo humu ni vya injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder, Premio na Allion nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kama injini yako ni nyingine, mpangilio wa kutafuta ni uleule ila tarakimu zitoke kwenye kitabu cha gari lako. Dizeli iko mwishoni, maana dizeli haina cheche na mambo yake ni tofauti.

Sikia inavyozunguka

Piga stata sekunde tano hadi kumi, kisha pumzika nusu dakika. Kung'ang'ania ufunguo dakika nzima kunachemsha stata, kunamaliza betri, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda hadi kompresheni nayo inashuka. Hapo tatizo moja linakuwa mawili.

Inazunguka kwa uzito, kama inavutwa: anza na betri hata kama unaona inazunguka. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na 12.2 ni nusu. Kipimo cha maana zaidi ni kile cha wakati stata inafanya kazi. Mita ikishuka chini ya volti 9.6, stata yaweza kuendelea kuzunguka huku kontroboksi ikikosa umeme wa kuiwezesha kutoa amri. Safisha vichwa vya betri, kaza, busti kwa gari jingine kwa nyaya nene, ujaribu tena.

Inazunguka haraka mno, laini, bila ile midundo ya silinda kukandamiza hewa: acha kupiga stata mara moja. Huenda mkanda au cheni ya taimingi (inayozungusha kemu, mhimili unaofungua valvu) imekatika au imeruka, na kwenye injini nyingi kila mzunguko wa ziada ni valvu nyingine inayopindwa. Ruka hadi sehemu ya kompresheni.

Inashika pale tu unapoachia ufunguo urudi kutoka mkao wa stata: swichi ya ufunguo inakata umeme wa mfumo wa moto wakati wa kuzungusha. Dalili hii ni ndogo na hupuuzwa, kumbe inataja kifaa chenyewe.

Inawaka sekunde moja kisha inazima, kila mara hivyohivyo: fikiria imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua chipu ya ufunguo), au petroli inayofika kwa shinikizo dogo.

Inapiga mishindo kwenye ekzosi au kwenye mpira wa hewa: cheche ipo lakini inakuja wakati usio wake. Kwenye magari ya zamani yenye distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi), angalia kama nyaya za plagi zimebadilishana nafasi; mpangilio wa silinda nne za Toyota ni 1-3-4-2.

Dashibodi inasema mengi bila mashine

Weka ufunguo ON bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kontroboksi haina umeme, na hakuna haja ya kugusa plagi wala pampu. Kagua fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, kisha rilei ya EFI (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kisha nyaya za hasi zilizofungwa kwenye injini. Tahadhari moja kwa wanaonunua magari mkononi: wapo wauzaji wanaong'oa balbu ya taa hiyo au kuiziba kwa tepu ili mnunuzi asione hitilafu, kwa hiyo kama hukuwahi kuiona ikiwaka, usiitegemee.

Rilei hupimwa kwa kubadilishana. Tafuta rilei yenye namba ileile boksini, mara nyingi ya honi au ya feni, uiweke mahali pa EFI. Gari likiwaka, umemaliza.

Pili ni taa ya usalama, ile yenye alama ya ufunguo au gari lenye kufuli. Gari likiwa limezimwa humetameta. Ukiingiza ufunguo unaotambulika hupaswa kuzimika. Ikiendelea kumetameta huku ufunguo uko ON, kontroboksi haijautambua ufunguo na itazuia injini isiwake. Ondoa funguo nyingine kwenye mnyororo, jaribu ufunguo wa akiba. Ufunguo wa kuchonga usio na chipu unafungua mlango na kuzungusha stata, lakini injini haiwaki.

Tatu ni mshale wa mizunguko. Wakati wa kupiga stata unatakiwa utikisike kidogo, kwa sababu injini huzungushwa kwa mizunguko kama 150 hadi 300 kwa dakika. Ukilala sifuri kabisa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Kwa uhakika zaidi tumia mashine ya kusoma hitilafu na uangalie namba ya mizunguko ikiwa injini inazungushwa. Namba ya hitilafu P0335 ni ya mzunguko wa umeme wa sensa ya krenki, P0340 ni ya kemu. Visomaji vidogo vya Bluetooth vya bei ya chini mara nyingine havielewani kabisa na magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Kisomaji kukataa kuunganika hakuna maana kwamba kontroboksi imekufa.

Cheche na petroli zikikosekana pamoja

Hapa ndipo fundi makini na fundi wa kubahatisha wanapoachana. Ukipima ukakuta hakuna cheche, na pampu nayo haifanyi kazi, usianze kuvitengeneza viwili hivyo kimoja kimoja. Tafuta kile wanachokitegemea wote wawili. Sensa ya krenki ndiyo inayoiambia kontroboksi kwamba injini inazunguka. Bila habari hiyo kontroboksi haitoi amri kwa koili, haifungui nozeli (vipulizia petroli), na haiwashi rilei ya pampu. Kifaa kimoja kidogo, na gari linaonekana limeharibika kila mahali.

Kwenye 1NZ-FE sensa hii iko upande wa puli ya krenki, kwenye kava ya cheni. Chomoa soketi yake utazame kama kuna oili au pini iliyoota kutu. Pima ukinzani kati ya pini zake mbili ikiwa ya baridi: omu elfu moja na kitu ni kawaida kwa matoleo mengi. Mita ikisoma waya umekatika, au ikisoma karibu na sifuri, sensa imekufa. Ikisoma vizuri bado haijasafishwa na shutuma, kwa sababu sensa za aina hii hupenda kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa. Gari linalowaka asubuhi, likazima kwenye foleni ya mchana, likakataa kuwaka mpaka lipoe nusu saa, lina dalili hiyo waziwazi. Likizima namna hiyo, mwagia sensa maji baridi kidogo na ujaribu. Injini ikiwaka, badilisha sensa. Chukua sensa halisi, hata iliyotumika, kuliko mpya ya bei ya kutupa; bandia nyingi zinatoa ishara dhaifu na gari linaanza kuzima ovyo.

Sensa ya kemu ni ya upole zaidi: ikifa, mara nyingi injini huwaka baada ya kuzungushwa muda mrefu.

Kupima cheche bila kuunguza gari

Chomoa kwanza soketi za nozeli zote nne. Usitumie njia ya mkato ya kuchomoa fyuzi ya EFI, kwa sababu fyuzi hiyo inalisha kontroboksi pia. Ukiichomoa, umeiua cheche unayoitafuta, na utahukumu koili nzima kuwa mbovu.

Fungua boliti ya koili (spana ya 10), vuta koili, toa plagi kwa boksi spana ya 16. Ingiza plagi kwenye koili, rudisha soketi ya koili, kisha unganisha chuma cha plagi na chuma cha injini kwa waya wa kubustia. Laza mbali na tundu la plagi, maana hewa inayotoka humo wakati wa stata hubeba mvuke wa petroli. Usishike kwa mkono. Mwenzako apige stata sekunde mbili tatu. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio mkavu unaosikika. Ya njano iliyokonda haitoshi ndani ya silinda iliyojaa shinikizo.

Koili moja ikifa, injini huwaka na kutetemeka. Kwa hiyo kama haiwaki kabisa, koili moja mbovu si jibu, na zote nne kufa siku moja ni nadra sana. Zikikosa cheche zote, pima soketi: ina nyaya nne, yaani volti 12, hasi, amri ya kuwasha (IGT) na jibu la kwamba koili imefanya kazi (IGF). Kukosa volti 12 kunakurudisha kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo. Jibu la IGF lina hila yake: kontroboksi ya Toyota isipolipata hukata petroli, ili isimwage mafuta ghafi kwenye ekzosi. Ndiyo maana koili bandia inayotoa cheche lakini haitoi jibu inaweza kukupeleka kuchunguza pampu isiyo na kosa.

Plagi yenyewe ukishaitoa isome. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayaungui. Ikiwa kavu baada ya kupiga stata mara kadhaa, mafuta hayafiki. Yenye oili kwenye ncha ni habari ya ringi za pistoni au sili za valvu. Yenye oili nje tu, shingoni, ni sili za matundu ya plagi kwenye kava ya valvu. Uwazi wa plagi za kawaida za injini hii ni milimita 1.1.

Injini iliyolowa haiponi kwa kuendelea kuzungushwa ovyo. Kanyaga mafuta hadi chini, shikilia hivyo, piga stata hadi sekunde 15, kisha achia vyote ujaribu bila kukanyaga. Ikigoma, toa plagi, zikaushe, na injini izungushwe bila plagi, soketi za nozeli na za koili zikiwa zimechomolewa.

Petroli

Kwanza, mafuta yamo? Geji ya mafuta hukwama, na gari lililoegeshwa mteremkoni likiwa na lita chache linaweza kuiacha pampu ikinyonya hewa. Weka lita tano kabla ya kufungua kitu. Kuendesha kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka ndiyo njia ya haraka ya kuua pampu, kwani petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza.

Mafundi wengi huweka ufunguo ON na kusikiliza tangi. Wasiposikia mlio wanatangaza pampu imekufa. Kwenye magari mengi ya aina nyingine ni kweli pampu hulia sekunde mbili. Toyota nyingi za kizazi hiki haziwashi pampu mpaka injini izungushwe. Kwa hiyo inua kiti cha nyuma, fungua kifuniko cha duara, na usikilize pampu mwenzako akiwa anapiga stata. Kisha pima soketi ya pampu wakati huohuo. Volti 12 zipo na hasi ni nzuri lakini pampu kimya: pampu imekufa. Kugonga chini ya tangi kwa ubao kunaweza kuiamsha ikufikishe gereji, si zaidi ya hapo. Volti hazipo: nenda kwenye rilei ya pampu, ile iliyoandikwa C/OPN, na nyaya zake.

Na kabla ya kulaumu Toyota, tafuta kazi ya mkono wa mtu. Magari ya mkopo na mengi ya biashara yamefungwa kifaa cha kufuatilia chenye rilei ya kukata pampu au moto; alamu za kufungiwa mtaani nazo zina rilei kama hiyo, imefichwa chini ya dashibodi, imeunganishwa kwa nyaya zilizosokotwa na tepu. Tepu ikilegea kwa joto, gari linakataa kuwaka na mashine haionyeshi hitilafu yoyote. Fuata waya wowote usiofanana na nyaya za kiwandani. Kwenye Ford na Land Rover kadhaa kuna pia swichi ya kukata mafuta gari likigongwa. Shimo kubwa la barabarani linatosha kuifyatua, na hurudishwa kwa kubonyeza kitufe.

Pampu kulia si uthibitisho kwamba shinikizo lipo. Funga geji ya shinikizo kwenye njia ya mafuta: 304 hadi 343 kPa, yaani psi 44 hadi 50. Injini ikizimwa lisishuke chini ya 147 kPa ndani ya dakika tano. Likishuka haraka, valvu ya pampu inarudisha mafuta tangini au nozeli inavuja, na dalili yake ni gari linalohitaji kuzungushwa mara mbili tatu kila asubuhi. Shinikizo dogo wakati pampu inalia ni kichujio kilichoziba au pampu iliyochoka. Kwenye magari haya vyote viwili vimo tangini, vibadilishe pamoja. Injini za D-4 zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama 1AZ-FSE, zina pampu ya pili ya shinikizo kubwa linaloweza kupenya ngozi. Usilegeze bomba lolote la upande huo kwa kujaribu.

Jaribio la haraka bila geji ya shinikizo: puliza sprei ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa kwa sekunde moja, rudisha mpira wake, piga stata. Injini ikishika na kufa, cheche na kompresheni zipo, shida ni petroli. Kizimamoto kiwe karibu.

Kama tatizo limeanza kilomita chache baada ya kujaza, shuku mafuta yenyewe. Chukua kiasi kwenye chupa ya kioo, acha dakika kumi. Maji hukaa chini na mstari unaonekana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli haijitengi, lakini tone lake kwenye karatasi nyeupe huacha doa la mafuta baada ya kukauka, wakati petroli safi hupotea karibu yote. Hapo kazi ni kukamua tangi.

Nozeli zenyewe huziba zote kwa pamoja mara chache. Gusa kila moja kwa bisibisi ndefu, sikio kwenye mpini: mlio wa tiki tiki wakati wa stata unaonyesha amri inafika. Kimya kwenye zote nne, na cheche zipo, kagua umeme wa nozeli na ile habari ya IGF.

Kompresheni na taimingi

Fungua kifuniko cha oili, mulika ndani, mwenzako agonge stata kidogo. Kemu au cheni isipoenda, umepata jibu. Ikienda, cheni bado yaweza kuwa imeruka jino, na hilo huonekana kwenye geji ya kompresheni, inayofungwa kwenye tundu la plagi.

Toa plagi zote, chomoa nozeli na koili, kanyaga mafuta hadi chini, zungusha mpaka mshale usimame. 1NZ-FE yenye afya hutoa karibu 1,471 kPa (psi 213), chini kabisa 1,079 (psi 156), na tofauti kati ya silinda isizidi 98 kPa. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili tunduni upime tena. Ikipanda ni ringi, au ni petroli iliyoosha kuta. Isipopanda ni valvu. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imekatika kati yao. Zote nne zikiwa chini kwa kiwango sawa, fikiria taimingi.

Mambo ya pembeni yanayosumbua

Gari limetoka kuoshwa injini na haliwaki: maji yamejaa matundu ya plagi. Toa koili, puliza kwa kompresa, kausha soketi. Gari lililokaa wiki kadhaa: angalia panya, wanapenda nyaya za nozeli na boksi la kichujio cha hewa.

Sensa ya joto la maji ikikatika kabisa, kontroboksi hutumia makisio na gari huwaka. Ikidanganya bila kukatika, inamwaga petroli nyingi mno na haiachi namba ya hitilafu. Ipime: karibu omu 2,300 hadi 2,600 kwenye nyuzi 20, na kama 320 kwenye nyuzi 80. Ekzosi iliyoziba huanza na gari kukosa nguvu siku kadhaa. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele ili hewa ipate pa kutokea, jaribu tena.

Kama ni dizeli

Tazama ekzosi wakati wa stata. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika lakini hakuna joto la kuiwasha: pima plagi za kupasha, kila moja ikiwa imetenganishwa, kisha kompresheni. Hakuna moshi kabisa maana yake dizeli haifiki. Kwenye injini ya 1HZ ya Land Cruiser anza na solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu. Ufunguo ukiwekwa ON inapaswa kugonga tiki moja. Kisha hewa kwenye bomba: bonyeza pampu ya mkono juu ya kichujio mpaka iwe ngumu. Isipokaza, kuna mahali panavuta hewa, mara nyingi klipu ya mpira au gasketi ya kichujio kipya kilichofungwa juu ya gasketi ya zamani.

Sprei ya eta isitumike kwenye injini yenye plagi za kupasha. Inalipuka mapema kabla pistoni haijafika juu, na inaweza kuvunja ringi au kupinda koniroodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki).